Simu Imepotea na Chaji Imekwisha

Simu janja ikipotea ikiwa na chaji, njia za kuitafuta ni nyingi: unaipigia, unaifanya ilie hata kama iko mbali, unaiangalia ikitembea kwenye ramani. Chaji ikiisha, wengi hukata tamaa papo hapo na kuanza kuulizia bei ya nyingine. Hapo ndipo ninapokuomba utulie. Simu iliyozimika haisemi kitu, lakini kabla ya kuzimika ilikuwa ikiacha alama kila baada ya muda mfupi: kwenye mtandao wa simu, kwenye akaunti yako ya barua pepe, kwa kila mtu aliyekutumia ujumbe. Na karibu kila alama ina saa yake.

Kwa hiyo usianze kutafuta mahali. Tafuta kwanza dakika. Ukishajua simu ilikuwa hai mara ya mwisho saa ngapi, kumbukumbu yako mwenyewe itakuambia saa hiyo ulikuwa wapi, ulikaa na nani, ulishuka gari gani. Mtu anayekimbilia mahali bila kuijua saa huishia kupekua nyumba nzima, ilhali simu ilikuwa bado hai ndani ya daladala nusu saa baada ya yeye kufika nyumbani.

Imezimika au imezimwa?

Azima simu ya jirani, upige namba yako, kisha usikilize kwa makini. Ikiita hadi mwisho bila kupokelewa, chaji haijaisha. Simu iko hai, pengine imewekwa kimya chini ya mto. Ikiita mara moja mbili halafu ikakatwa, iko mkononi mwa mtu. Ukiambiwa mteja hapatikani, kuna mambo matatu yanayowezekana: chaji imekwisha, mtu ameizima au ametoa laini, au iko mahali pasipo na mtandao.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara nyingi. Mtu anafungua ramani, anaona imeandikwa kwamba simu ilionekana mara ya mwisho saa tatu zilizopita, anahitimisha kwamba imezima chaji. Huenda kilichoisha ni bando tu. Simu isiyo na bando haiwezi kutuma mahali ilipo, lakini ukiipigia itaita. Kama yako inaita na ramani iko kimya, inunulie bando kutoka kwenye simu nyingine. Mitandao yetu mingi inaruhusu kununua bando kwa ajili ya namba ya mtu mwingine kupitia menyu ya pesa za simu. Kama data ilikuwa imewashwa, baada ya muda mfupi ramani inaweza kuamka. Hata simu ambayo kweli imezima chaji inafaa kuwekewa bando mapema, ili mtu akiichaji na kuiwasha, iingie mtandaoni bila kusubiri.

Sasa piga hesabu ya chaji. Mara ya mwisho uliiona ina asilimia ngapi, na saa ngapi? Simu iliyokuwa na asilimia 70 saa nne asubuhi, kisha haipatikani saa tano kasorobo, si rahisi kuwa imekufa kwa njaa ya umeme. Ichukulie kwamba imezimwa na mtu, uruke moja kwa moja kwenye mambo ya laini na pesa nitakayoyaeleza chini. Simu iliyokuwa na asilimia 12 mchana na ikaendelea kuita hadi jioni kabla ya kutoweka, hiyo imejifia yenyewe, na kuna matumaini makubwa kwamba iko palepale ulipoiacha. Angalizo moja: betri iliyochakaa hudanganya. Inaweza kuonyesha asilimia 25 kisha ikazima ghafla, hasa ukiwa umewasha kamera au unacheza video. Kama yako ina tabia hiyo, iingize kwenye hesabu.

Jinsi ya kuipata dakika

Chombo kizuri kuliko vyote kwa kazi hii kipo mikononi mwa rafiki zako. Kwenye WhatsApp, tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwa mtumaji. Tiki mbili maana yake umefika kwenye simu, au kwenye kifaa kingine kilichounganishwa na WhatsApp hiyo. Mtumaji akiubonyeza ujumbe wake kwa muda na kufungua taarifa zake, ataona saa kamili uliyofika. Waombe watu watatu wanne waliokutumia ujumbe siku hiyo waangalie. Mmoja atakuambia wake ulifika 16:52, mwingine 17:36, wa tatu aliutuma 17:50 na hadi sasa una tiki moja. Basi simu yako ilikuwa hai na iko mtandaoni saa kumi na moja na dakika 36 jioni, na kabla ya saa kumi na mbili kasoro dakika kumi ilikuwa imekwishatoweka. Kama uko kwenye kundi lenye mazungumzo mengi, la familia au la kikoba, kazi inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu kila aliyeandika anaweza kuona ujumbe wake umewafikia nani na saa ngapi.

Angalia pia saa kwa umakini. Ramani na programu huandika 17:36, nasi tunakumbuka mambo yetu kwa saa kumi na moja na ushei. Andika zote kwenye karatasi kwa mtindo mmoja kabla ya kulinganisha, maana mtu mwenye wasiwasi hukosea saa sita nzima bila kujua.

Alama nyingine za muda: mtu wa mwisho aliyezungumza nawe kwa sauti, muamala wa mwisho wa pesa uliofanya (aliyepokea pesa ana ujumbe wenye dakika), picha za mwisho zilizopanda kwenye Google Photos au iCloud, na orodha ya vifaa kwenye akaunti yako ya Google, inayoonyesha kila kifaa kilitumika lini mara ya mwisho. Kama WhatsApp yako ilikuwa imeunganishwa pia na kompyuta, itaendelea kufanya kazi huko hadi siku 14 bila simu kuwa hewani, kwa hiyo unaweza kuwaandikia watu kutoka kwenye namba yako mwenyewe.

Usiishie kwenye dakika moja ya mwisho. Tafuta pia mara ya mwisho uliyoigusa kwa mkono wako. Kati ya saa hizo mbili ndipo simu ilipoachana nawe, na mara nyingi ni kipande kifupi cha siku kuliko ulivyodhani.

Ramani inajua nini

Watu wengi wanaamini setilaiti zinaiona simu kutoka angani. Hazioni kitu. Setilaiti za GPS, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza tu. Simu ndiyo inayopokea, inakokotoa mahali ilipo, kisha inatumia mtandao wake kuwaambia wengine. Betri ikiisha, mnara wa simu na setilaiti vyote vipo, lakini msemaji hayupo. Ndiyo maana ramani ya simu iliyozimika hukuonyesha mahali ilipokuwa ilipowasiliana mara ya mwisho. Ilipo sasa ni jambo jingine.

Kwa simu za Android, huduma yenyewe inaitwa Find Hub. Hadi mwaka 2025 ilijulikana kama Find My Device. Fungua kivinjari kwenye simu ya mtu unayemwamini, ingia google.com/android/find, uweke barua pepe na nenosiri vilivyokuwa kwenye simu iliyopotea. Tumia ukurasa wa faragha wa kivinjari, na ukimaliza toka kwenye akaunti. Google ina uwezo wa kuhifadhi mahali pa mwisho pa kifaa kwa njia ya siri, na kwa mahali pa namna hiyo unaweza kuombwa pini ya kufungulia simu ile. Kwa iPhone ni icloud.com/find. Samsung nao wana huduma yao, na kama uliwahi kufungua akaunti ya Samsung, ijaribu pia, kwa sababu inaweza kuwa na mahali papya kuliko pale pa Google.

Tatizo linalowakwamisha wengi ni ile namba ya uthibitisho. Google inaweza kukutaka uthibitishe kwenye simu yako, na simu yako ndiyo unayoitafuta. Jaribu kwanza kifaa ambacho akaunti tayari imefunguliwa: kompyuta ya ofisini, tableti ya watoto, simu yako ya zamani iliyo kabatini. Apple wamelifikiria hili, na ukurasa wao wa kutafuta vifaa haukudai namba hiyo.

Zipo simu chache ambazo hazinyamazi kabisa chaji inapoisha. Tangu iOS 15 ya mwaka 2021, iPhone nyingi za kuanzia iPhone 11 hubakiza akiba ndogo ya umeme na kuendelea kutoa ishara ya Bluetooth; iPhone za watu wanaopita karibu huidaka na kuripoti mahali, bila wenyewe kujua. Google Pixel 8 na Pixel 8 Pro za mwaka 2023 zina uwezo kama huo kwa saa kadhaa. Kama simu yako ni ya namna hiyo, fungua ramani mara kwa mara katika saa za mwanzo, kwa sababu akiba hiyo haidumu. Lakini simu nyingi zilizo mikononi mwetu, za bei ya kawaida, zikizima zimezima.

Ukiiona ramani, soma saa kabla ya kusoma mahali. Alama iliyowekwa saa mbili kabla ya dakika uliyoipata kwa rafiki zako imepitwa na wakati; simu iliendelea kuishi na huenda iliendelea kusafiri. Kisha tazama ukubwa wa duara. Alama ya katikati huvutia macho, lakini ramani inachosema ni kwamba simu ilikuwa mahali fulani ndani ya duara hilo. Duara dogo uwanjani huwa la kuaminika. Duara kubwa linalofunika mitaa mitatu limetokana na minara ya simu. Na kwenye majengo marefu kama ya Kariakoo, ramani haikuambii ghorofa: duka la chini na stoo ya ghorofa ya tano ni nukta moja. Usimvamie mwenye nyumba kwa sababu nukta imeangukia kwenye paa lake. Nimeona ugomvi mkubwa wa majirani ukianza hivyo, na simu ikaja kuonekana kwingine.

Ukiwa hapohapo kwenye ramani, iweke simu katika hali ya kupotea, uandike ujumbe mfupi wa kuonekana kwenye kioo pamoja na namba ya mtu wa karibu. Ingawa imezima, agizo litasubiri na kutekelezwa pindi itakapoingia mtandaoni. Usikimbilie kufuta data zote. Simu nyingi za Android zikishafutwa hazionekani tena kwenye Find Hub, kwa hiyo umejikata mwenyewe mguu. Na kwa namna yoyote usiiondoe kwenye akaunti yako. Kufuli la akaunti ndilo linalomzuia mwingine kuitumia kama mpya.

Kama dakika inaelekea nyumbani

Anza na soketi. Huu ni ushauri ninaouamini kuliko wote kwa simu iliyopotea ndani na kuzima. Soketi zetu zina swichi, na umeme wetu hukatika. Mtu anachomeka simu ikiwa na asilimia tano, anasahau kubonyeza swichi, au umeme unakatika dakika kumi baadaye, na simu inakufa ikiwa imening'inia nyuma ya kabati la runinga, ikiwa imefunikwa na pazia. Pita kila soketi ya nyumba, pamoja na ile ya jikoni nyuma ya jokofu na ile ya nje anayotumia fundi. Kama mnachaji kwa jirani au kwenye kibanda cha kuchaji simu, nenda uulize kabla ya kupekua hata godoro.

Baada ya soketi, fuata mwili wako. Pale ulipokaa katika kile kipande cha muda: kochi, kitanda, kiti cha gari, choo. Ingiza mkono kati ya godoro na ukuta. Kunjua khanga, mashuka na nguo za kufua moja moja, usizitikise kwa pamoja. Usiku, zima taa, weka tochi chini karibu na sakafu na uimulike polepole. Kioo cha simu hung'aa hata kama kimezima. Kwenye gari, sogeza viti mbele hadi mwisho, kisha nyuma hadi mwisho. Uliza watoto kwa upole. Mtoto aliyekuwa akicheza mchezo hadi chaji ikaisha ataificha simu akiogopa kugombezwa, na ukiingia kwa ukali hutapata jibu.

Kama dakika inaelekea njiani

Hapa haraka ina faida, kwa sababu gari linaondoka na watu wake. Kwenye basi la mkoani tiketi yako ina namba ya gari na ya kiti. Piga simu ofisi ya kampuni, uwatajie vyote viwili, uwaombe wamwambie dereva na konda waangalie chini ya kiti kabla ya gari kusafishwa. Daladala haina tiketi yenye jina lako, lakini ina ruti. Nenda kituo cha mwisho cha ruti hiyo, si pale uliposhukia, umtafute msimamizi wa zamu au wapiga debe, uwape rangi ya gari, saa na sura ya konda. Magari ya ruti moja huzunguka, lako litarudi. Kwa bodaboda na bajaji, rudi kijiweni. Ukipanda kwa programu, mwombe mwenzio mliyesafiri naye au aliyekuitia gari awasiliane na dereva kutoka kwenye akaunti yake.

Usiwadharau watangazaji wa mtaa. Aliyeokota simu iliyozima hana namna ya kujua ni ya nani, kwa hiyo mwenye imani huipeleka kwa mtu anayeaminika: mjumbe, ofisi ya serikali ya mtaa, imamu, katibu wa parokia, mwenye duka la kona. Pita kwao wote uache namba. Tangazo la msikitini baada ya swala, au la kanisani Jumapili, huwafikia watu ambao hawajawahi kufungua kundi lolote la mtandaoni.

Laini, pesa na uamuzi mgumu

Ushauri wa kawaida ni kufunga laini mara moja. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na nieleze kwa nini. Laini ni kipande kinachoweza kuishi simu ikiwa imekufa. Mtu mwema aliyeokota simu yako na hana chaja yake anaweza kuitoa laini, akaiweka kwenye kitochi chake, akasubiri mwenyewe apige. Au ataichaji simu usiku, aiwashe, nawe ukipiga itaita. Ukiwa umeifunga laini, milango yote miwili umeifunga pamoja nayo.

Kwa upande wa pili, laini hiyo ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki, za WhatsApp na za barua pepe. Aliyeishika akiwa na nia mbaya anaweza kuzitumia kuingia kwako. Kwa hiyo amua kwa kuangalia ile hesabu ya chaji. Kama kila kitu kinaonyesha imezimika yenyewe, na kipande chako cha muda kiko nyumbani, kazini au msibani kwa ndugu, iache laini hai siku hiyo, lakini piga simu huduma kwa wateja (Tanzania ni 100), uombe akaunti ya pesa isimamishwe na laini ibaki ikipokea simu. Uliza kama inawezekana kwa mtandao wako. Wajulishe na benki. Kama dalili zinaonyesha imezimwa na mtu, au ulikuwa kwenye msongamano wa stendi au wa mabasi ya Mwendokasi, funga vyote bila kusita, kisha nenda ofisi ya mtandao wako na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole ukarudishiwe laini. Tangu Januari 2020 laini zetu Tanzania zimefungwa kwa vidole, na hapo usajili huo unakufaa: namba ni yako na hakuna atakayeirudisha badala yako.

Ukiiacha laini hai, weka mtego. Kutoka simu nyingine, washa ripoti ya kufikishwa kwenye mipangilio ya ujumbe, kisha itumie namba yako SMS moja ya kawaida. Ujumbe utasubiri kwenye mtandao kwa muda, na simu ikiwashwa tu, ripoti itarudi, hata kama haina bando. Hapo piga papo hapo. Simu iliyowashwa upya na bado haijafunguliwa kwa pini haionyeshi majina. Aliyeokota hataona neno Mama, ataona tarakimu tu, na SMS zako huenda asiweze kuzisoma. Sauti ya simu inayoita ndiyo njia ya uhakika ya kumfikia. Piga saa za watu kuchaji: jioni wakirudi kazini, na alfajiri.

Akipokea mtu, salamu kwanza. Ukisikia sauti ya mtu mzima, shikamoo. Ya kijana, habari za saa hizi ndugu yangu. Mshukuru kwa kuiwasha kabla ya kumwuliza aliipataje. Wengi waliotaka kurudisha simu walibadili nia kwa sababu sentensi ya kwanza waliyosikia iliwaita wezi. Mwambie ukweli: simu ni yako, unamtafutia kifuta jasho, mkutane mahali penye watu, kituoni au ofisi ya serikali ya mtaa. Mwombe aelezee kava au mpasuko wa kioo ili ujue ni yenyewe. Usimpe pini ya aina yoyote, na usitume nauli kwa mtu ambaye hajaweza kuieleza simu. Akikuambia haiwaki, mwambie betri iliyokauka kabisa huhitaji dakika kumi na tano, ishirini, kwenye chaja kabla ya kuonyesha dalili.

Wale wanaoahidi kuipata kwa namba

Ukishatangaza kwamba umepotelewa, watakufuata wawili. Wa kwanza atadai anaweza kuiona simu kwa kutumia IMEI, kwa malipo kidogo. Mwongo. IMEI ni namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, haina mtambo wa kutangaza chochote, na hakuna tovuti ya mtu binafsi inayoweza kuigeuza kuwa nukta kwenye ramani. Kampuni ya simu inajua mnara wa mwisho ulioihudumia laini yako, lakini taarifa hiyo hutolewa kwa vyombo vya sheria kwa utaratibu wake, na hata hivyo mnara mmoja unaweza kuhudumia mitaa mingi.

Wa pili huja siku au wiki kadhaa baadaye kwa ujumbe: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Kiungo kitafungua ukurasa unaofanana sana na wa Apple au Google na kukuomba nenosiri. Anayelitaka ni yule aliye na simu, ili aiondoe kwenye akaunti yako. Usibonyeze, ingia mwenyewe kwa anwani unayoijua. Kwa Tanzania, namba za matapeli wa namna hii ziripoti kwa SMS kwenda 15040.

IMEI ina kazi nyingine ya kweli. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya mwaka 2010 iliweka rejesta kuu ya namba hizo, na simu iliyoripotiwa inaweza kufungiwa isitumike kwenye mtandao wowote nchini. Utahitaji taarifa ya polisi: RB ya kituoni kama imeibwa; kwa mali iliyopotea tu, Jeshi la Polisi lina mfumo wake wa mtandaoni. Kenya utaulizwa namba ya OB. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, peleka zote. Lakini fanya hivi ukishaacha kuitafuta, kwa sababu simu iliyofungiwa haitaita tena hata ikiokotwa na mtu mwema.

Leo, ikiwa bado iko mkononi

Bonyeza *#06# na uandike IMEI kwenye daftari, si ndani ya simu hiyohiyo. Fungua Find Hub kwenye mipangilio uhakikishe imewashwa, pamoja na kuhifadhi mahali pa mwisho. Kwenye kipengele cha kutafuta kifaa kisicho mtandaoni, chaguo la kawaida hutegemea simu nyingi zikutane sehemu zenye watu wengi. Ukiishi mahali palipotulia, chagua maeneo yote. Kwenye iPhone, washa kutuma mahali pa mwisho chaji inapokaribia kuisha. Samsung wana kipengele kama hicho. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja yenye tarakimu 8, za kuingilia kwenye akaunti simu ikiwa haipo. Zichapishe nakala mbili, moja weka kwenye pochi, nyingine mpe mwenzi wako au dada yako.

Pini ya laini, ile inayoombwa simu ikiwashwa, inalinda pesa vizuri, lakini simu iliyoisha chaji ikiwashwa na mwingine haitaita hadi pini iwekwe. Anayepita stendi kila siku aiweke. Mzee anayesahau simu kwa watoto wake tu haihitaji, na itamnyima nafasi ya kupigiwa.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi ngumu, andika kwa kalamu ya wino usiofutika namba mbili za watu wengine, yaani usiandike yako, na maneno “ukiokota tafadhali piga”, ukiweke kati ya simu na kava. Ukibadilisha kava, kihamishe.